Taa za ukungu za RAV4 zimefifia: niweke ampuli za 100W, LED, au kuna njia nyingine?

PapaNeema_Nguba

Jambo wote. Mimi ni shofa hapa Bukavu. Nina RAV4 ya 2004, usukani kulia, ilitoka Japani ikapitia Dar. Kazi yangu kubwa ni kupeleka watu Kavumu alfajiri, na mara kwa mara nateremka Ngomo kwenda Kamanyola na Uvira. Anayeijua Ngomo hahitaji maelezo: barabara nyembamba, mlima huku, bonde kule, lori limekwama kwenye kona, na ukungu ukishuka huoni hata boneti yako.

Nikiwasha taa kubwa, naona ukuta mweupe tu. Nikipandisha full ndiyo kabisa. Kwa hiyo tegemeo langu ni zile taa za ukungu za kwenye bampa, na sasa zimekuwa dhaifu mno. Usiku nikiziwasha mbele ya geti inabidi nishuke nitazame kama kweli zimewaka.

Nimetoa ampuli moja. Kwenye kitako imeandikwa HB4 12V 51W. Nilipoipeleka dukani kutafuta kali zaidi, kijana alinionyesha vitu vitatu. Kuna halojeni ya 100W, anasema inaingia palepale bila kubadilisha chochote. Kuna LED yenye feni nyuma, boksi limeandikwa lumeni 20,000 (kipimo cha wingi wa mwanga) na 6000K. Na kuna seti ya zenoni yenye balasti zake mbili, vile visanduku vya kupandisha umeme.

Kazi nataka kuifanya mwenyewe, hapa kwenye parsele, uani kwangu. Funguo ninazo, multimita ninayo. Garaji gari litalala, na likilala hakuna kinachoingia nyumbani. Lakini pia sitaki kuunguza nyaya, maana hilo gari ndilo linalosomesha watoto. Mliokwisha kufanya kazi hii, mnanishauri nini?

---

Shofa_Kamanyola

Mukubwa, weka LED. Kwenye Hiace yangu nimeweka, na usiku kwenye tambarare ya Ruzizi namwona mbuzi pembeni ya barabara akiwa bado mbali. Kufunga ni dakika chache, unazungusha ya zamani inatoka, unaingiza mpya. Ngomo kwenyewe, ukungu ukiwa mzito, natembea polepole na honi mkononi, taa ya aina yoyote ile.

---

FundiUmeme_Kadutu

Papa Neema, jambo. Kabla hujatoa dola hata moja, chukua ile ampuli uliyoitoa uitazame vizuri. Ishike kwenye kitako, vidole visiguse kioo. Utaona ncha yake imepakwa rangi nyeusi. Kumbuka hiyo nyeusi, tutairudia.

Ukungu ni matone madogo ya maji yaliyojaa hewani, na kila tone linarudisha mwanga. Mwanga unaorudi ukiwa kwenye mstari wa macho yako, ndio ule ukuta mweupe. Ndiyo maana full inakuumiza: inaangaza ukungu wote ulio kati ya macho yako na barabara. Taa ya ukungu ilitengenezwa kukwepa hilo. Inafungwa chini kwenye bampa, mwanga wake ni mpana na bapa, juu umekatwa kwa mstari ulionyooka, unapita chini ya macho yako na kuangukia lami na kingo za barabara. Haikutengenezwa kufika mbali. Ngomo kazi yake ni kukuonyesha ukingo wa bonde mita chache mbele, ili ujue gurudumu linapita wapi.

Sasa ile nyeusi. Mwanga wa uzi wa ampuli unatakiwa ugonge kwanza kiakisi, yaani ile sahani inayong'aa ndani ya taa, ndipo utoke umepangwa. Mwanga unaotoka moja kwa moja kutoka kwenye uzi kwenda mbele haujapangwa na mtu, unatawanyika hadi juu. Kofia nyeusi inauzuia. Kuna watu mjini hapa wananunua HB3, ambayo ni 60W na ina lumeni zaidi ya 1,800, wanachonga meno ya kitako kwa tupa hadi iingie mahali pa HB4. Inaingia, na inawaka kweli kuliko HB4 ambayo ni lumeni kama 1,100. Lakini HB3 haina kofia nyeusi. Kwenye usiku mkavu mwenye gari anafurahi. Kwenye ukungu amejiwashia ukuta wake mwenyewe.

Kuhusu 100W, fanya hesabu. Wati ugawe kwa volti upate ampea. HB4 mbili za 51W zinakula ampea 8 na kidogo. Mbili za 100W zinakula karibu 17. Nyaya za kiwandani, rele (swichi inayoamshwa na umeme mdogo) na fyuzi zilipangwa kwa zile za kwanza. Fyuzi ya 15 itakatika, na hapo ndipo balaa inapoanza, kwa sababu wengi wanaweka ya 30 waendelee na safari. Fyuzi ya 30 hailindi tena ule waya mwembamba, waya ndio unageuka fyuzi. Nimefungua bampa nyingi nikakuta plagi imeyeyuka imeshikana na kitako, haitoki mpaka uivunje. HB4 kitako chake ni plastiki, na joto la wati 100 ndani ya kikombe kidogo namna ile linakipika kitako, kiakisi na kioo cha mbele kikiwa cha plastiki. 100W usiweke, hata kwa bure.

Zenoni nayo iache. Ina mwanga mwingi, karibu lumeni 3,000 kwa wati 35, lakini mwanga wake unatoka kwenye mviringo wa gesi wenye umbo tofauti na uzi, kwa hiyo kiakisi cha halojeni hakiwezi kuupanga. Kuiwasha kunahitaji zaidi ya volti 20,000, na balasti unazifunga pale chini kwenye tope na maji ya barabara. Kwa gari la kazi, hapana.

LED ndiyo yenye maneno mengi. Sisemi LED zote ni mbaya. Taa nzima iliyotengenezwa kiwandani kuwa LED, yenye kiakisi na kioo chake, ni kitu kizuri sana. Tatizo ni ampuli ya LED ndani ya nyumba ya halojeni. Uzi wa HB4 una mahali pake hasa, umepimwa kwa milimita. Vipande vya LED vikikaa mbele kidogo au nyuma kidogo ya pale, ule mstari wa juu ulionyooka unapotea. Na LED nyingi zina vipande pande mbili tu, kwa hiyo ukizifunga moja ikitazama juu na nyingine chini, badala ya kulia na kushoto, mwanga unaharibika kabisa. Lile neno lumeni 20,000 kwenye boksi lisikusumbue. Jaribu kufikiria joto la kitu chenye mwanga huo kikipozwa na feni ndogo kuliko kifuniko cha chupa. Halafu ile feni inakaa nyuma ya bampa. Msimu wa mvua inakula tope, kiangazi inakula vumbi, ikisimama LED inapunguza mwanga au inakufa.

Na 6000K ni rangi, si nguvu. Halojeni ya kawaida iko kama 3200K. Kadiri namba inavyopanda mwanga unaelekea bluu, na bluu inachosha jicho na kung'aa vibaya kwenye ukungu na lami yenye maji. Watu wanasema njano inatoboa ukungu. Haitoboi. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga wa rangi zote, yanazitawanya karibu sawasawa. Faida ya njano ni kwenye jicho: bluu imeondolewa, kwa hiyo mng'ao unaokurudia unavumilika zaidi. Ufaransa walilazimisha taa za njano kwenye magari tangu miaka ya 1930 hadi 1993, aliyeona Peugeot za zamani anazikumbuka. Mimi mwenyewe kwenye taa za ukungu napenda njano, ila ujue rangi hiyo inakula sehemu ya mwanga, haiongezi.

Sasa kazi yenyewe. Gari la 2004 lililopita kwenye barabara zetu, taa zikiwa dhaifu, mara nyingi ampuli haina kosa. Umeme haufiki. Halojeni ina tabia moja kali: volti ikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, washa injini, washa taa za ukungu, upime hivi. Kwanza volti kwenye batiri. Kisha volti kwenye plagi ya kila taa huku ampuli ikiwa imechomekwa na inawaka. Ukipima plagi tupu multimita itakudanganya, itakuonyesha volti kamili hata kama waya umebaki na nyuzi mbili. Halafu weka ncha nyeusi ya multimita kwenye negativu ya batiri, nyekundu kwenye waya wa masi wa taa, yaani ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari, uone kiasi kinachopotea upande wa masi peke yake. Lete namba hapa tuzisome.

---

MamaFuraha_Panzi

Niongeze jambo moja, Papa Neema, samahani kama linatoka kidogo nje ya swali. Mimi naendesha Noah kuchukua mboga na ndizi Nyangezi, nakutana na magari kama lako kila alfajiri. Kinachoniponza si antibruyari zenu, hizo taa za ukungu. Ni taa kubwa.

Japani wanaendesha kushoto. Taa kubwa za gari la Japani, ukiwa umeteremsha, zinakata mwanga upande wa kulia na kuupandisha upande wa kushoto, ili ziangaze ukingo wa barabara yao bila kumpiga anayekuja. Sisi Kongo tunaendesha kulia. Ule upande unaopanda unaniingia machoni mimi ninayekuja mbele yako, na ukingo wako wewe wa kulia unabaki gizani. Waingereza wakivuka bahari kwenda Ufaransa wanabandika vibandiko kwenye taa kwa sababu hiyohiyo. Hapa kwetu gari linatoka bandarini linaingia barabarani vilevile.

Taa za ukungu hazina shida hiyo kwa sababu mwanga wake ni bapa kushoto na kulia. Kwa hiyo ukizitengeneza vizuri utajisaidia na utanisaidia na mimi. Lakini tafadhali, siku utakayopima mbele ya ukuta, teremsha na taa kubwa kidogo. Kwenye zile kona za Ngomo mtu akipofuka kwa sekunde mbili hana mahali pa kwenda.

---

FundiUmeme_Kadutu

Mama Furaha amesema kweli tupu, na jambo hili wengi hawalijui. Dawa kamili ni kupata taa kubwa za gari hilohilo lililotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia. Zinapatikana kwa shida na bei yake si ndogo. Kuteremsha skrubu kidogo kunapunguza madhara. Papa Neema, ukifika kwenye ukuta fanya zote kwa pamoja.

---

PapaNeema_Nguba

Aksanti sana fundi, aksanti Mama Furaha. Habari ya upande wa kushoto sikuwahi kuisikia kwa mtu yeyote, na sasa naelewa kwa nini watu wananipigia full.

Nimepima kama ulivyosema, ampuli zikiwaka. Batiri, injini ikinguruma: 14.1. Taa ya kulia: 12.0. Taa ya kushoto: 11.6. Upande wa masi, kulia inapotea 0.6, kushoto 0.9. Nilipofuata waya wa masi wa kushoto nimeukuta umefungwa kwenye chuma nyuma ya bampa, bolti ina kutu na tope limekauka juu yake, na waya karibu na kichwa chake umekuwa kijani ndani ya plastiki.

Namba hizi ni mbaya kiasi gani? Na nikirekebisha, bado nahitaji ampuli mpya?

---

FundiUmeme_Kadutu

Ni mbaya, na ni habari njema, kwa sababu mwanga unaoutafuta tayari umeulipia, unapotelea njiani. Kushoto unapoteza volti 2.5 kati ya 14.1. Kwa ile tabia ya halojeni, taa ya kushoto inatoa karibu nusu tu ya mwanga ambao ingetoa ikipata volti zote. Kulia unapoteza zaidi ya asilimia 40. Ungeweka 100W kwenye nyaya hizo, ampea zingeongezeka, na volti zinazopotea zingeongezeka pamoja nazo, kwa hiyo ungelipia joto kwenye nyaya.

Masi inakula 0.9 kushoto, maana yake zile 1.6 zilizobaki zinapotea upande wa pozitivu: swichi ya zamani, plagi zenye kutu, waya mwembamba mrefu. Afya ya masi ni chini ya 0.2. Pozitivu ikipoteza hadi 0.5 sipigi kelele.

Anza na masi. Toa kwanza negativu ya batiri. Kata ule waya wa kijani mpaka ufike mahali shaba inang'aa, funga kichwa kipya, kibane kwa koleo la kubania kisha ukivike mpira. Pale kwenye chuma piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, funga bolti, ndipo upake girisi juu yake. Girisi inakuja baada ya kukaza, kazi yake ni kuzuia maji. Kwa gari lako mimi ningevuta waya mpya wa masi wa milimita mraba 2.5 kutoka kila taa, nikazileta zote kwenye sehemu moja safi karibu na batiri.

Kisha pozitivu. Nunua rele ya volti 12 ampea 30 yenye miguu minne, kishikio cha fyuzi chenye kifuniko, fyuzi ya 15, na waya wa 2.5. Kutoka pozitivu ya batiri waya unaenda kwenye fyuzi, na fyuzi ikae karibu kabisa na batiri, shibiri moja inatosha, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Kutoka fyuzi unaingia mguu 30 wa rele. Mguu 87 unatoka kwenda taa zote mbili. Waya wa pozitivu wa zamani uliokuwa unaingia kwenye taa, sasa unaupeleka mguu 86, na mguu 85 unaupeleka masi. Kabla ya kukata thibitisha kwa multimita ni waya upi unaopata umeme ukiwasha swichi, usiamini rangi, magari haya yamepita mikono mingi. Swichi yako itabaki inafanya kazi kama kawaida, ila sasa kazi yake ni kuamsha rele tu, ambayo haili hata robo ampea. Zile ampea 8 zinatoka batiri moja kwa moja kwa njia fupi na nene.

Rele uifunge juu, miguu ikitazama chini, maji yasikae ndani. Nyaya zipitishe mbali na radieta na feni, uzivike bomba la plastiki lenye mikunjo, uzifunge kila hatua. Waya unaocheza kwenye barabara ya Kavumu unajisugua mpaka unaonyesha shaba.

Ampuli: ukiangalia kioo chake kikiwa kimegeuka kijivu kwa ndani, badilisha zote mbili. Nunua HB4 halojeni ya 51W au 55W, ya kampuni inayojulikana, ya rangi ya kawaida au njano. Zile zilizopakwa bluu ziache, rangi hiyo ni chujio, inazuia mwanga. Na hapa narudia vidole: mafuta ya ngozi yakibaki kwenye kioo, ampuli ikipata moto sehemu hiyo inachemka tofauti na nyingine, kioo kinapasuka au kinavimba. Ukigusa, futa kwa pamba na spiriti kabla ya kuwasha.

---

Kamalondo_Auto

Salamu kutoka Lubumbashi. Sisi huku ukungu ni kidogo, adui wetu ni vumbi jekundu la kiangazi nyuma ya malori ya madini, na kanuni ni ileile: mwanga wa juu unakurudia. Kwenye vumbi njano ya 3000K ndiyo naipenda. Na jambo la Mama Furaha linatuhusu pia, Zambia na Afrika Kusini wanaendesha kushoto, na magari mengi tunayoletewa yanapita Kasumbalesa na taa zake vilevile.

Kwa wenye LED za bei nafuu: wateja wangu wengi wananiletea redio, eti FM imejaa kelele. Nazima LED, kelele inaisha. Ni kile kisanduku kidogo cha umeme cha LED. Anayesikiliza habari asubuhi barabarani atalijua hilo mapema.

---

Shofa_Kamanyola

Fundi, na mimi niliye na LED tayari kwenye Hiace, nizitoe? Zinaniangazia vizuri huku chini Ruzizi, sitaki kupoteza hela yangu.

---

FundiUmeme_Kadutu

Kaka, usizitoe kwanza, zipime. Simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, usiku. Weka alama ukutani kwenye kimo cha katikati ya taa za ukungu, kisha chora mstari sentimita 10 chini ya alama hiyo. Mwanga mkali wote unatakiwa uishie kwenye ule mstari wa chini, na juu yake giza, kuanzia kushoto hadi kulia. Ukiona mwanga umepanda juu ya mstari kama moshi, LED zako hazijakaa mahali pa uzi. Nyingine zinaweza kuzungushwa kwenye kola yake, zizungushe mpaka vipande vitazame kulia na kushoto, upime tena. Ikikubali, endelea nazo. Ikikataa, kule Ruzizi ambako ni kweupe na barabara imenyooka utaendelea kumwona mbuzi, lakini wa mbele yako unampiga machoni, na Ngomo hazitakusaidia.

Papa Neema, kipimo hichohicho ndicho chako ukimaliza nyaya. Weka abiria au mizigo kama unavyotembea kawaida, maana RAV4 ikijaa nyuma inanyanyua pua.

---

PapaNeema_Nguba

Jambo tena. Nimemaliza jana jioni. Nimeweka rele, waya wa 2.5, masi mpya zote mbili karibu na batiri, na HB4 za njano za 51W kwa sababu zile za zamani zilikuwa kijivu. Vitu vyote pamoja havikufika bei ya ile seti ya zenoni.

Volti sasa: batiri 14.1, kulia 13.7, kushoto 13.6. Usiku nimeweka gari mbele ya ukuta wa jirani, mita 5, nikachora mstari kwa chaki. Taa ya kulia ilikuwa inatazama juu kupita alama, labda kwa sababu bampa iliwahi kugongwa kabla sijalinunua gari. Nimelegeza bolti za kishikio, nikaweka washa moja (kipete cha bolti) nyuma, ikateremka. Taa kubwa pia nimezishusha, Mama Furaha. Shemeji yangu nilimsimamisha mbele kwenye njia, akasema sasa anaweza kunitazama.

Leo alfajiri Kavumu ukungu haukuwa mzito, lakini baada ya Miti ulikuwepo wa kutosha. Nilizima full, nikabaki na taa ndogo na za ukungu. Nimeona mstari wa majani pembeni kulia na mashimo kabla gurudumu halijaingia. Mbele sana sikuona, na mwendo niliupunguza kwa kile nilichokuwa naona. Ukuta mweupe haukuwepo.

Kimebaki kitu kimoja. Taa ya kushoto ina maji ndani. Baada ya kuwaka muda mrefu yanageuka jasho kwenye kioo, mwanga unatawanyika. Nizibe kwa silikoni pande zote?

---

FundiUmeme_Kadutu

Kazi nzuri sana, namba hizo hata gari jipya haliwezi kuzionea aibu.

Silikoni pande zote hapana. Taa inapowaka hewa ndani inapanuka, ikizima inavuta hewa ya nje, kwa hiyo ina tundu dogo au kibomba cha kupumulia, kwa kawaida nyuma au chini. Ukiziba kila mahali, itavuta maji kwa nguvu kupitia ufa wowote uliobaki, halafu hayatatoka. Toa taa, tafuta hilo tundu, lako bila shaka limezibwa na tope. Lisafishe kwa waya mwembamba. Kisha tazama ule mpira wa mviringo kwenye kitako cha HB4. Ukiwa umekakamaa au umekatika, badilisha, upake mafuta kidogo ya silikoni kabla ya kuingiza, si gundi. Kama ufa uko kati ya kioo na mwili wa taa, hapo ndipo unaweza kuziba kwa silikoni, pale kwenye ufa tu.

Ikaushe juani ikiwa wazi, kioo kikitazama chini, mpaka isibaki hata alama ya jasho. Halafu mulika ndani kwa simu uone kiakisi. Kama bado kinang'aa, rudisha taa yako. Kama kimebabuka na kuwa na madoa meusi, hakuna ampuli itakayokusaidia upande huo, tafuta taa nzima ya mtumba, na kabla ya kulipa mwombe muuzaji umulike na hiyo ndani.